Uzi: Kubadilisha bushi za mbele za bajaji mwenyewe, kuanzia kupima hadi kukaza nati

miguu_mitatu
Wakuu, habari za kazi. Bajaji RE, injini ya mipigo minne, inabeba abiria kila siku. Dalili ni hizi: ikipita kwenye tuta au kishimo mbele inagonga "ko!", chuma kwa chuma kabisa, si mlio wa springi. Kwenye lami, mwendo wa 40, stelingi inavuta kushoto, na ukishika breki inavuta zaidi. Tairi la mbele limeliwa upande mmoja limekuwa kipara, upande wa pili kashata bado zipo. Kijiweni wanasema ni bushi. Nataka kuifungua mwenyewe. Naomba hatua, vifaa, na vitu vinavyowaharibia watu kazi hii.

spana_17
Mkuu, kabla hujashika spana hakikisha ni bushi kweli. Mbele ya bajaji kuna viungo vinne vinavyotoa dalili zinazofanana: beringi za stelingi, beringi za gurudumu, bushi za linki (bushi ni mirija mifupi ambamo pini inacheza; linki ni ule mkono mfupi unaobeba gurudumu, unaocheza kwenye pini chini ya foki), na raba za shokapu. Watu wengi hununua bushi za linki wakati kilichokufa ni raba ya shokapu inayouzwa kwa hela ndogo.

Inua gurudumu la mbele hewani, magurudumu ya nyuma yawekewe magogo. Halafu:

1. Stelingi. Zungusha taratibu kutoka kona hadi kona. Ikikwama kidogo katikati kama inaingia kwenye kijishimo, njia za gololi zimechimbika. Kisha shika foki chini kabisa, vuta mbele na nyuma. Ukisikia "tk" pale juu shingoni, ni stelingi.

2. Beringi za gurudumu. Shika tairi juu na chini, sukuma juu vuta chini, mwenzako akiwa amekanyaga breki. Breki inabana dramu na bamba lake kwa pamoja. Mchezo ukipotea breki ikikanyagwa, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, tatizo liko kwenye linki.

3. Linki. Rudia kutikisa tairi juu na chini, ila sasa weka kidole kwenye mpaka wa linki na foki, nusu ya kidole huku na nusu kule. Mchezo mdogo ambao macho hayauoni, kidole kinausikia.

4. Shokapu. Shusha bajaji chini, kandamiza mbele kwa uzito wako na kuachia, huku mwenzako anaangalia jicho la chini la shokapu kwa tochi. Bolti ikitembea ndani ya jicho kabla shokapu haijaanza kubonyea, raba imekwisha.

Fanya zote nne, usiishie kwenye ya kwanza iliyokupa jibu. Vitu hivi hufa wawili wawili.

TuktukMvita
Naongeza kwa ndugu yangu hapo juu. Gurudumu la mbele la tuktuk hizi limeshikwa upande mmoja tu, si kama pikipiki yenye foki mbili. Ndiyo maana bushi ya linki ikiliwa kidogo gurudumu lote linalala. Chukua mfano bushi mbili ziko umbali wa milimita 60, na kila moja ina nafasi ya milimita 0.3. Tairi la 4.00-8 lina kipenyo cha takriban milimita 415, kwa hiyo kutoka katikati hadi ukingoni ni kama 207. Piga hesabu: ile 0.3 inakuwa milimita 1 ukingoni mwa tairi. Bushi ikifika 0.8 tayari ni karibu milimita 3. Hapo lazima tairi lile upande mmoja na stelingi ivute.

Huku Pwani pini hushikwa na kutu ya chumvi ndani ya linki, kwa hiyo anza kulowesha kwa mafuta ya kupenya siku moja kabla. Usingoje asubuhi ya kazi.

miguu_mitatu
Nimepima. Stelingi ni laini, haina mchezo. Breki ikikanyagwa tairi bado linatikisika, na kidole kwenye linki kinausikia kabisa. Shokapu jicho la chini bolti inatembea, raba imechanika. Kwa hiyo ni bushi za linki na raba ya shokapu. Ninunue nini na niandae vifaa gani?

spana_17
Vifaa kwanza: spana na soketi kuanzia 10 hadi 19, nyundo ya kilo moja, kipande cha fimbo ya shaba au alumini cha kugongea (usigonge pini kwa chuma kigumu, utatanua mdomo wake na haitatoka), msumeno wa chuma wenye jino dogo, tindo, waya brashi, msasa namba 400, kalipa (kipimo cha kupimia vipenyo), jeki, stendi mbili za chuma au magogo ya mbao ngumu, pampu ya grisi, dizeli nusu lita ya kuoshea. Jiliwa ikipatikana ni nusu ya kazi.

Vipuri: bushi za linki seti nzima, PINI MPYA, sili zote za vumbi, washa za pembeni, raba za shokapu juu na chini, nati mpya za kujifunga, kotapini mpya. Usiende dukani na jina tu. Nenda na cha zamani mkononi na namba ya chesisi kwenye simu, kwa sababu matoleo yanatofautiana: kuna linki zenye beringi za sindano, kuna zenye bushi ngumu. Pima kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na urefu, uandike. Kwa walio Dar, pale Gerezani Kariakoo mwenye duka hukuwekea tatu mezani, ya gharama, ya kati na ya chini. Kalipa ndiyo itakayokuchagulia.

Kama bushi ni za shaba, ingia dukani na sumaku. Shaba haivutwi. Ikivutwa, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba.

Pini nimeiandika kwa herufi kubwa kwa sababu hapo ndipo hela za watu zinapotea. Bushi mpya kwenye pini iliyoliwa haidumu. Pini inakuwa na mfereji, bushi inakalia kingo za mfereji tu, grisi inatoka, na baada ya wiki chache mlio umerudi. Wananunua bushi tena, wanalaumu duka.

wese_tele
Mbona mnazunguka sana. Lazeni bajaji kwa ubavu, kila kitu kinaonekana, jeki ya nini?

spana_17
Mkuu, najua vijiweni vingi wanafanya hivyo, ila kwa kazi hii haifai. Ukiilaza, maji ya betri yanamwagika na kula rangi na waya. Petroli inatoka kwenye kifuniko cha tangi. Oili ya injini inapenya hadi kwenye chujio la hewa na silinda, ukiwasha inatoa moshi mzito au inakataa kabisa. Na linki ikiwa imelala huwezi kujua kama inashuka yenyewe kwa uzito wake, jambo ambalo ndilo kipimo chetu mwishoni.

Kuinua ni hivi. Sehemu tambarare, breki ya mkono, magurudumu ya nyuma yazibwe mbele na nyuma. Jeki ikae katikati kabisa chini ya fremu ya mbele, juu yake ubao mpana usitoboe bati la sakafu. Ikipanda kidogo weka stendi mbili kwenye fremu, kushoto na kulia, kisha teremsha uzito ukae kwenye stendi. Jeki moja peke yake hapana: bajaji imesimama kwenye pointi tatu, na jeki ikisogea pembeni sentimita chache inaanguka.

Sasa kufungua:

Gurudumu. Rimu ya bajaji ni vipande viwili vilivyounganishwa kwa nati. Kuna nati zinazoshika rimu kwenye dramu, na kuna nati zinazounganisha vipande vya rimu. ZINAFANANA. Ukifungua za kuunganisha rimu tairi likiwa na upepo, vipande vinaruka na vinaweza kukuua. Toa upepo wote kwanza, toa na kichwa cha valvu, hata kama una uhakika na nati unayoshika.

Chomoa waya wa spidomita kama toleo lako unao mbele. Kama breki ni ya mafuta, fungua bamba la breki ulining'inize kwa waya. Usiache mpira wa breki ubebe uzito, na dramu ikiwa nje mtu asikanyage breki, pistoni zitatoka nje na utakuwa na kazi ya pili.

Shokapu. Inua linki kidogo kwa kigogo ili bolti ya chini isibanwe, kisha itoe. Juu fungua nati za kushikia bracketi tu. Ile nati ya katikati kwenye ncha ya shokapu, kama springi imevalishwa juu ya shokapu, usiiguse bila kibana springi. Springi iliyobanwa ikiachiliwa inavunja taya.

Pini. Toa nati au sakilipu (pete ya kufungia pini) na kifuniko cha vumbi. Weka alama ya tindo kidogo upande wa nje wa linki ujue irudi vipi. Gonga pini kwa fimbo ya shaba. Ikigoma, rudisha nati kwenye nyuzi iwe sawa na mdomo wa pini, ndipo ugonge juu ya nati, nyuzi zisiharibike. Angalia mpangilio wa washa na sili, upige picha.

mchonga_vyuma
Nawasalimu wakuu. Pini ikitoka, ioshe kwa dizeli na ipime kwa kalipa sehemu tatu: pale isipogusana na bushi, na pale kila bushi ilipokaa. Kila sehemu pima mara mbili, ukizungusha robo mzunguko, kwa sababu pini hailiwi duara, inaliwa upande unaobeba mzigo. Tofauti ikizidi milimita 0.1 pini hiyo ni chuma chakavu. Kwa linki yenye beringi za sindano hata 0.1 ni nyingi: ukipitisha kucha na ikashika kwenye alama za sindano, weka mpya.

Tundu la linki lenyewe nalo lipime bushi ikitoka. Kama bushi ilikuwa inazunguka ndani ya tundu, tundu limepanuka na limekuwa yai. Hapo bushi ya dukani haitashika. Mpelekee fundi mwenye mashine ya kuchonga atanue tundu liwe duara tena, achonge bushi ya shaba yenye kipenyo kikubwa zaidi nje. Mwambie vipimo viwili: nje bushi iwe kubwa kuliko tundu kwa milimita 0.03 hadi 0.05, na ndani, BAADA ya kuingizwa, ipite pini kwa nafasi ya 0.03 hadi 0.06.

Hilo "baada ya kuingizwa" ni muhimu. Bushi ikisukumwa kwenye tundu linalobana, nayo inajikunja, tundu lake la ndani linapungua. Wengi hujaribu pini kwenye bushi ikiwa mezani, wanaona inapita vizuri, wakishaisukuma ndani pini inagoma, wanapiga nyundo. Pini inayoingia kwa nyundo kwenye bushi ya shaba itaganda. Bushi zinapaswa kupitishwa rima ndefu (kifaa chenye makali cha kusawazisha tundu) inayopita zote mbili kwa mkupuo mmoja, ili matundu yawe kwenye mstari mmoja. Msasa uliozungushiwa kijiti hautoi tundu la duara.

wese_tele
Sawa, nimeelewa ya kulaza. Na ile ya kuzungushia kipande cha kopo la soda kwenye bushi ili ibane? Nimeona mafundi wengi wanafanya, inaondoa mlio siku hiyo hiyo.

mchonga_vyuma
Inaondoa mlio siku hiyo hiyo, ni kweli. Kopo la soda ni alumini ya kama milimita 0.1, laini. Linki inapigwa na mzigo maelfu ya mara kwa siku, ile alumini inasagika inakuwa unga, unga unaingia kwenye grisi na kufanya kazi ya msasa. Tena kopo halizunguki bushi yote sawasawa, mahali linapokutana kuna pengo au mapindano, bushi inakaa mshazari. Ukija kufungua, tundu la linki limekwisha, na linki ni ghali kuliko bushi na pini kwa pamoja.

Kujaza pini kwa welding na kuichonga upya nako sikubali. Pini imefanywa ngumu juu kwa moto maalumu. Moto wa welding unaua ugumu huo na kuacha sehemu zinazovunjika kama kioo pembeni ya weld. Pini hii ikikatika, gurudumu la mbele linaondoka.

spana_17
Tuendelee. Kutoa na kuingiza bushi bila presi.

Tengeneza kivutio: bolti ya M10 au M12, urefu milimita 150, daraja 8.8 (namba imeandikwa kichwani), nati yake, washa nene nne, soketi mbili. Soketi kubwa iwe na tundu pana kuliko bushi, ndiyo inapokea. Soketi ndogo iwe nyembamba kuliko bushi kwa nje lakini ikalie ukuta wake, ndiyo inasukuma. Pitisha bolti katikati ya vyote, paka grisi kwenye nyuzi, kaza nati polepole. Bushi itaingia kwenye soketi kubwa. Kuingiza mpya ni kinyume chake.

Hakikisha bushi inaanza ikiwa imenyooka. Robo ya kwanza ndiyo inayoamua. Ikianza mshazari, itoe uanze upya, usitegemee kwamba itajinyoosha njiani. Beringi za sindano sukuma upande wenye maandishi, ndio mgumu, na soketi ikalie ukingo wote wa kikombe, si katikati.

Ikibana mno: laza bushi kwenye friza usiku mzima, mwagia linki maji yanayochemka, futa haraka, ingiza. Kwa bushi ya chuma ya kipenyo cha milimita 28, friza inaipunguza kama 0.016 na maji moto yanapanua tundu kama 0.024. Jumla 0.04, ndiyo ile ile inayokubania. Usiwashie moto wa gesi kwenye linki, na kamwe si kwenye shokapu, ina mafuta ndani.

Raba ya shokapu: kama ina ganda la chuma nje, kwanza sukuma raba itoke, halafu fungua msumeno, pitisha jino ndani ya jicho, funga tena, kata ganda kwa urefu sehemu mbili. Nenda taratibu, ukifika karibu na jicho lenyewe acha, maliza kwa tindo. Mpya iingizwe kwa maji ya sabuni.

TuktukMvita
Hapo kwa sabuni pakolezwe wino. Raba HAIPAKWI grisi wala oili. Mafuta hayo huivimbisha raba ya kawaida, inakuwa laini na kuchanika. Lakini bushi ya shaba na beringi za sindano bila grisi hazifiki mwezi. Vitu viwili, kanuni mbili, kwenye chombo kimoja. Grisi ni ya lithiamu, namba 2. Beringi za sindano zijaze kwa kidole kabla pini haijapita, kisha ukishafunga piga pampu kwenye nipeli (kichuchu cha kuingizia grisi) mpaka uione ikichungulia kwenye sili pande zote mbili. Ikitoka upande mmoja tu, njia ya upande wa pili imeziba. Fungua sasa kuliko kufungua mwezi ujao.

spana_17
Kufunga ni kinyume cha kufungua, isipokuwa mambo matatu.

La kwanza: linki ikishavaa pini mpya, kabla ya kufunga shokapu, inua linki kwa mkono na uachie. Kwenye bushi za shaba ishuke yenyewe polepole. Ikibaki juu, imebana, tafuta washa ya pembeni iliyozidi au bushi iliyokaa mshazari. Ikidondoka kwa kishindo na kutikisika pembeni, nafasi ni kubwa.

La pili: bolti ya raba ya shokapu usiikaze gurudumu likiwa hewani. Ifunge kwa mkono tu, shusha bajaji, mpandishe mtu kiti cha mbele, ndipo uikaze. Raba ya aina ile haizungukii bolti, inajinyonga. Ukiikaza linki ikiwa imening'inia, kila ukishuka chini raba imeshanyongwa muda wote, hata ikiwa imeegeshwa. Inachanika mapema, na hiyo ndiyo sababu raba nyingi "feki" zinafa: hazikuwa feki, zilikazwa hewani.

La tatu, nguvu ya kukaza. Kama kitabu cha toleo lako unacho, fuata kitabu. Kama hunacho, kwa bolti za daraja 8.8, nyuzi kavu: M8 ni Nm (nyutonimita) 25, M10 ni 50, M12 ni 85. Huna spana ya torki? Spana ya sentimita 25 ukiivuta mwishoni kwa nguvu ya kilo 20 ni Nm 50. Jaribu kwa mizani ya ndoano ya sokoni uijue hiyo nguvu mkononi. Kurukia spana kwa mguu ndiko kunakokata bolti.

miguu_mitatu
Nimeleta vipimo. Pini: sehemu isiyoguswa dhidi ya sehemu ya bushi, tofauti 0.35. Nimeweka mpya, bushi mpya, raba juu na chini. Kugonga kumekwisha kabisa. Kuvuta kushoto kumepungua sana, ila bado kidogo, hasa nikitoka kushika breki.

TuktukMvita
Chukua timazi ya fundi mwashi. Bajaji iwe sehemu tambarare, stelingi imenyooka. Ining'inize pembeni mwa gurudumu la mbele, pima umbali wa uzi hadi ukingo wa rimu juu, kisha chini. Vikilingana, gurudumu limesimama. Tofauti ikizidi milimita 2 na bushi ni mpya, foki au linki imepinda, na hapo bushi hazina kosa.

Halafu pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi sehemu ile ile ya kila gurudumu la nyuma. Zilingane.

spana_17
Na kabla hujalaumu foki, inua mbele, zungusha gurudumu, kanyaga breki, achia, zungusha tena. Likibaki linasuasua, viatu vya breki havirudi: springi zake zimechoka, au vumbi limejaa kwenye bamba. Tairi lililoliwa upande mmoja nalo huendelea kuvuta hata bushi zikiwa mpya, kwa sababu limeshakuwa na umbo la pia, nyembamba upande mmoja.

miguu_mitatu
Timazi inaonyesha tofauti haizidi nusu milimita. Nyuma kushoto na kulia zimelingana. Breki ndiyo: baada ya kuachia linasuasua robo mzunguko. Nimefungua dramu, springi moja ya viatu imelegea, na vumbi limeganda.

spana_17
Badilisha springi zote mbili, si moja. Safisha bamba, paka tone dogo la grisi ya joto pale viatu vinapokalia, lisiguse lainingi. Tairi ligeuze au liweke jipya. Ukifika kilomita 100 rudia kukaza bolti za shokapu na nati ya pini, bajaji ikiwa chini. Grisi kila kilomita 1,000. Kwa inayokimbia kilomita 100 kwa siku ni kila siku 10. Ukipita maji yaliyofika kwenye habu, piga jioni ile ile mpaka itoke safi. Na wanaoosha kwa mashine ya presha, mdomo wa mashine usielekezwe kwenye sili za linki.